Faili imetoka 385M na chipu ni ya 64K, nisaidieni kabla ya Jumamosi

Fundi_wa_Matangi · Alhamisi, saa 4:12 asubuhi

Habari zenu wasee. Sina usingizi tangu juzi. Mimi hufanya kazi za maji, mapampu, matangi ya juu ya ploti, kuvuta waya. Sio mtu wa kompyuta sana lakini sio mjinga pia. Kuna bodi ndogo za STM32F103, zile za bluu za kununua Luthuli hapa Nairobi, unaweka karibu na tangi inasoma floti (swichi inayoelea juu ya maji), maji yakishuka inawasha pampu na inamtumia msimamizi wa ploti SMS. Niko na kumi na mbili za kuweka kwa ploti tatu huku Umoja na nishasema Jumamosi.

Programu niko nayo, faili moja inaitwa tangi.elf (elf ni programu pamoja na maelezo yake). Nikasoma mahali kwamba hii ya kuflashi, yaani kuandika programu kwa chipu, inataka bin (baiti tupu za programu) na ya kugeuza ni objcopy. Nikafanya hivi:

arm-none-eabi-objcopy -O binary tangi.elf tangi.bin

Haikulalamika hata kidogo. Nikiangalia na ls -lh, bin imekuwa 385M!! Elf yenyewe haifiki hata 400K. Chipu ni 64K ya flashi. st-flash imekataa kabisa. Nimerudia mara nne, nimebadilisha laptopu, ni vilevile. Ni objcopy yangu imeharibika ama ni nini? Mnijibu kwa upole tafadhali.

dereva_wa_46 · 4:20

Tangi limefurika 😂😂

Jua_Kali_Digitali · 4:31

Hio ni takataka za dibagi (maelezo ya kutafutia makosa) ziko ndani. Fanya strip tangi.elf iziondoe alafu ugeuze tena. Hio ndio dawa, mimi hufanya kila siku.

Bitibaiti · 4:38

Usifanye strip!! Na kama ushafanya sema. strip usipoipa jina la faili mpya inaandika juu ya ile ile, na objcopy pia ukiiachia jina moja tu inafanya hivyo hivyo. Weka nakala kwanza, mbili, moja kwa flashi diski. Alafu -O binary haibebi dibagi hata siku moja, kwa hivyo takataka za dibagi haziwezi kuwa ndio sababu.

Nipe vitu viwili. ls -l bila h, nataka namba kamili ya baiti. Alafu arm-none-eabi-objdump -h tangi.elf, itaorodhesha seksheni, yaani vipande vya faili, na anwani zake.

Fundi_wa_Matangi · 4:55

Bitibaiti asante dada. Aki strip nilikuwa nishaibonyeza kabla nione jibu lako, lakini iliandika Unable to recognise the format of the input file ikaacha. Faili iko sawa?

Namba ni 402673664.

Bitibaiti · 5:03

Umeponea. Uliandika strip tupu, hio ni ya laptopu yako ya Intel, haikutambua faili ya ARM ikaiacha. Ungeandika arm-none-eabi-strip tungekuwa tunaomboleza saa hii.

Sasa hio namba inajieleza yenyewe. 402673664 kwa heksa (namba za msingi wa 16) ni 0x18005000. Flashi ya hio chipu inaanza 0x08000000. Jumlisha, unapata 0x20005000. RAM ya hio chipu yako, F103C8, inaanza 0x20000000 na ni kilobaiti 20, maana yake inaisha pale pale 0x20005000. Kwa hivyo kuna kitu chenye data kimewekwa mwisho kabisa wa RAM, na objcopy ikitengeneza bin inaanza anwani ya chini zaidi inaenda mpaka ya juu zaidi na pengo lote la katikati inajaza sifuri. Umebeba megabaiti 384 za sifuri. Objcopy yako ni nzima.

Leta objdump -h tuone ni nani huyo amekaa huko juu.

dereva_wa_46 · 5:05

Huyu dada amesoma namba kama mpiga ramli

Fundi_wa_Matangi · 5:19

Iko hivi, nimetoa zile za debug ni nyingi:

tangi.elf: file format elf32-littlearm
.isr_vector 0000010c 08000000 08000000
.text 00005a3c 0800010c 0800010c
.rodata 000003c4 08005b48 08005b48
.data 00000074 20000000 08005f0c
.ruhusa 00000010 20004ff0 20004ff0

Safu ya kwanza ni ukubwa, hizo mbili zingine sijui tofauti yake.

Bitibaiti · 5:34

Ya kwanza kati ya hizo mbili ni VMA, mahali kitu kitakaa programu ikiwa inakimbia. Ya pili ni LMA, mahali kinapakiwa. Angalia .data, inakimbilia RAM 20000000 lakini inapakiwa kwa flashi 08005f0c, bodi ikiwaka kuna kipande cha kodi kinainakili kuipeleka RAM. Hio ni kawaida. Sasa angalia .ruhusa, VMA na LMA zote RAM. Baiti 16 tu lakini ndio imekuvutia mlima wote huo.

Ya haraka: arm-none-eabi-objcopy -O binary -R .ruhusa tangi.elf tangi.bin. Utapata kama kilobaiti 24. Ama utoe -O ihex, kwa heksi kila mstari unabeba anwani yake kwa hivyo mapengo hayajazwi.

Lakini niulize, ni nani aliandika hii programu, na hio seksheni kwa nini inaitwa ruhusa?

Mkongwe_wa_Viwandani · 5:50

Hapo kwa heksi mmenikumbusha mbali sana. Hio fomati ni ya Intel, ya miaka ya sabini, iliundwa wakati watu wanapakia programu kwa utepe wa karatasi wenye mashimo ndio maana kila mstari unaanza na nukta mbili na unaisha na baiti ya kukagua, utepe ukichanika unajua ni mstari gani umekufa. Mimi nilianza kazi Industrial Area tukichoma EPROM, zile zenye kidirisha cha kioo juu, ukitaka kufuta unaiweka chini ya taa ya urujuani kama dakika ishirini. Kulikuwa na kijana mmoja alikuwa anaziacha dirishani kwa jua akisema ni bure, jua la Nairobi halina bili. Wiki nzima anangoja. Siku moja akasahau kubandika karatasi juu ya kidirisha cha chipu iliyokuwa tayari kwa mashine ya kufunga unga, ikakaa hapo karibu na dirisha miezi, mashine ikaanza kupima kilo mbili inatoa kilo na nusu. Wateja walilalamika lakini meneja hakuwa na haraka ya kurekebisha 😄

Mstari wa mwisho wa faili ya heksi mpaka leo ni :00000001FF. Ukiuona huo ujue umefika nyumbani.

Jua_Kali_Digitali · 6:02

Mzee hadithi tamu lakini msee anataka bin.

Fundi_wa_Matangi · 7:26 mchana

IMEKUBALI! Baiti 24448. st-flash imeandika, taa imewaka. Lakini kuna shida ingine sasa. Bodi inatuma SMS moja tu, inasema TOLEO LA MAJARIBIO, alafu inanyamaza. Haisomi floti, haiwashi pampu. Nimejaribu bodi tatu. -R haijatoa kitu ya maana kweli?

Bitibaiti · 7:31

Nilikuuliza swali saa tano hukunijibu. Nani aliandika?

Fundi_wa_Matangi · 7:40

Ni kijana fulani. Yuko bize siku hizi.

MamaKipusa · 7:44

Bize vipi? Si umpigie tu akutumie hio bin? Unasumbua watu hapa na mwenye kitu yuko na simu.

Fundi_wa_Matangi · 7:52

Simu hapokei. Wasee tuwachane na kijana tuongee programu. Sosi sina, niko na elf tu. Yeye alikuja na laptopu yake akaipakia kwa bodi moja mbele yangu ikafanya kazi poa kabisa masaa matatu, tangi likishuka pampu inawaka, SMS inaingia. Alafu stima ikapotea kidogo ikarudi, kutoka hapo hio bodi ikaanza majaribio majaribio. Nilidhani ni bodi mbaya.

Bitibaiti · 8:01

Ahaa. Alipakia na gdb, ile programu ya kutafutia makosa, si ndio? Aliandika load?

Fundi_wa_Matangi · 8:04

Kuna neno load niliona ndio.

Bitibaiti · 8:15

Basi. gdb ukiiambia load inapeleka kila seksheni mahali pake, ya flashi kwa flashi na ya RAM kwa RAM. Kwa hivyo .ruhusa iliingia RAM kutoka kwa laptopu yake. Programu ikiamka inaangalia hapo juu, ikikuta neno inalolijua inafanya kazi. Ukibonyeza risetu RAM haifutiki, inaendelea. Stima ikipotea ndio RAM inasahau, na kwa flashi hakuna nakala. Majaribio.

Sasa fanya hii na ulete jibu lote usikate:
arm-none-eabi-objdump -s -j .ruhusa tangi.elf

Kibe_wa_Kodi · 8:19

Mimi naona mnamhukumu huyo kijana bure. Hio inaweza kuwa kosa la kawaida. Ukiweka kitu kwa seksheni yako mwenyewe na usahau kuandika NOLOAD (usipakie) kwa skripti ya linka, ile inayopanga vipande kwa anwani, linka inaiona kama data ya kawaida inaipa LMA ya RAM. Mimi imenitokea, bin ikawa megabaiti mia tatu na kitu nikajaza diski ya kampuni. Sio kila kitu ni njama.

Bitibaiti · 8:24

Inawezekana. Fundi, ongeza na -s -j .isr_vector, mstari wa kwanza tu.

Fundi_wa_Matangi · 8:58

Hio ya vector: 8000000 f04f0020 ...

Hio ya ruhusa imetoa namba namba tu, sioni maana.

Bitibaiti · 9:03

Namba namba zilete.

Kibe_wa_Kodi · 9:06

Naondoa maneno yangu. f04f0020 ukiigeuza ni 0x20004ff0, hio ni kilele cha staki, sehemu ya RAM ya kazi za muda inayojaa kuelekea chini. Kwa kawaida staki ya hio chipu huanzia 20005000. Huyu kijana ameishusha baiti 16 makusudi ili isikanyage .ruhusa. Hio sio kusahau, mtu alikaa chini akapima.

Fundi_wa_Matangi · 9:31

20004ff0 44454e49 20333030 30300000 00000000 DENI 30000......

dereva_wa_46 · 9:32

😂😂😂😂😂😂

MamaKipusa · 9:32

YESU WANGU

Jua_Kali_Digitali · 9:33

Kijana ameandika invoisi ndani ya chipu. Huyu apewe kazi serikalini.

Kibe_wa_Kodi · 9:35

Ufunguo wa kufuli ndio deni lenyewe. Sijawahi kuona.

Bitibaiti · 9:37

Fundi. Elfu thelathini ya nini?

Fundi_wa_Matangi · 10:14

Sawa. Nilikuwa najua mtaifikisha hapo.

Tulikubaliana 45,000 programu yote. Nikampa 15,000 ya kuanza, nikamnunulia na bodi mbili za kujaribu na moduli ya SIM800 ya kutuma SMS pesa yangu, hio hakuna mtu anahesabu. Akasema wiki tatu. Ikawa wiki saba. Mwenye ploti amenipigia simu mpaka mke wangu anauliza huyu ni nani. Alipokuja hatimaye akaonyesha inafanya, nikamwambia nikiweka zote kumi na mbili mwenye ploti akinilipa nami nakulipa, si ndio biashara hua hivyo? Akaniachia elf kwa flashi akasema hii ni ya kuangalia tu. Hakuniambia iko na kufuli. Sasa nani amemdanganya mwenzake hapo? Nishachukua pesa ya mwenye ploti nusu na nishanunua vifaa nazo, siwezi nikarudi nyuma.

Mwalimu_Mstaafu · 10:30

Ndugu yangu, dawa ya deni ni kulipa. Umesema mwenyewe kwamba mwenye ploti ameshakupa nusu. Kijana alifanya kazi, kazi ikaonekana, na wewe ukaamua fungu lake lingoje la kwako. Kuchelewa kwake wiki nne ni kosa, lakini ni kosa la kukatwa kidogo, halifuti deni.

MamaKipusa · 10:36

Mimi nashona. Nilishonea watu sare za kwaya, ishirini na nne, mama mwenyekiti akanipa nusu akasema nusu tutakuletea baada ya harambee. Nikawapa nguo. Mpaka leo nikipita pale kanisani nasikia wakiimba na sketi zangu. Huyo kijana amenifunza kitu, kumbe ningeacha zipu bila kuweka.

Jua_Kali_Digitali · 10:41

Mama 😂 sketi ya toleo la majaribio

Wakili_Ntunyanye · 10:49

Wenzangu, kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 programu ya kompyuta inahesabiwa kama kazi ya fasihi. Kwa hivyo kuichezea pasi na ridhaa sio jambo la kuchekwa. Mlikuwa na maandishi yoyote? Hata ujumbe wa simu?

Kibe_wa_Kodi · 10:51

Yaani mimi nimekuwa mwandishi wa fasihi miaka hii yote na mama yangu anaambia watu narekebisha printa.

Fundi_wa_Matangi · 11:20

Maandishi hakuna tulikuwa tunaongea tu kwa chai. Mnanihubiria na mimi niliuliza swali la objcopy.

Anyway nishaona pa kukata. nm, ile ya kuorodhesha majina, imenionyesha fankisheni inaitwa angalia_ruhusa iko 08001a54, anwani ikiandikwa na 55 ni ile biti ya Thumb tu (alama ya aina ya kodi ya ARM). Nikienda hapo na kihariri cha heksa niweke 01 20 70 47 itakuwa inarudisha moja kila mara, movs r0 moja alafu bx lr, imeisha. Swali langu ni moja tu, nikihariri ndani ya bin ofseti (nafasi toka mwanzo wa faili) ni 1a54 kamili ama natoa kitu? Nataka nilale.

Shaka_Bila_Mpaka · 11:34

Ngoja ngoja ngoja. Nimesoma huu uzi wote kutoka juu kimyakimya.

Saa tano na dakika kumi na tisa huyu mtu alisema VMA na LMA hajui tofauti. Saa kumi na moja anatuambia biti ya Thumb, na anajua movs na bx lr kwa baiti, tena kwa mpangilio wa nyuma-mbele, 70 47. Mtu wa mapampu? Kwa masaa sita? Na angalia vile kila kitu kimepangwa, kwanza namba inayogeuka heksa safi, alafu seksheni inaitwa ruhusa, alafu ndani deni, kila jibu linafungua mlango mmoja na kuacha mwingine. Hii ni hadithi imetungwa. Hakuna Umoja, hakuna tangi.

Na mimi nadhani najua ni nani. Wewe NDIWE kijana. Umetengeneza kufuli unataka kuona hapa kama watu wataivunja na itawachukua masaa mangapi kabla uwape kastoma wako.

dereva_wa_46 · 11:36

Weeeeeh

Jua_Kali_Digitali · 11:39

Manze nimerudi juu kusoma upya na sasa siwezi kuiona vingine. Ile "mnijibu kwa upole" 🤔

Kibe_wa_Kodi · 11:45

Mi pia nimeshtuka kidogo kwa 70 47. Lakini siku hizi mtu anauliza zile AI anapewa baiti zote na maelezo. Na namba kuwa safi sio ajabu, RAM ikiisha 20005000 lazima tofauti iwe hio, ni hesabu sio hadithi. Mkiwa na shaka chukueni elf yoyote ya F103C8 wekeni seksheni hapo juu mtapata 402673664 ile ile.

Shaka_Bila_Mpaka · 11:48

Sijasema hesabu ni uongo. Nimesema mtu ni uongo. Alete picha ya tangi.

Bitibaiti · 11:55

Mimi nimetumia nusu siku yangu ya kazi hapa na nikiwa nimesaidia mtu kupima kufuli yake nitakasirika kweli. Nikiwa nimesaidia mtu kuvunja ya mwenzake nitakasirika zaidi. Fundi, tupe arm-none-eabi-readelf --debug-dump=info tangi.elf, pale DW_AT_comp_dir patatoka njia ya folda faili ilikompailiwa na jina la mwenye laptopu. Usituwekee jina la mtu hapa, sema tu kama ni lako.

Fundi_wa_Matangi · 1:10 usiku

Sio langu. Na hio baiti niliuliza AI ndio, kwani kuuliza ni kosa? Mliniambia objdump -d nikaiandika tupu ikasema UNKNOWN! ndio nikaenda kuuliza huko, ikanipa na arm-none-eabi mbele, nikaona fankisheni. Mimi nimefunga pampu miaka kumi na tisa, mnadhani namba inanishinda kwa sababu niko na gambuti?

Picha siweki, msimamizi wa ploti huwa anasoma mambo huku.

Shaka_Bila_Mpaka · 1:13

Ila hakuna mtu hapa alikuambia objdump -d. Mimi nimetafuta. Tuliambia -h na -s.

dereva_wa_46 · 1:14

Hapo sasa

Mkongwe_wa_Viwandani · 1:40

Hata akiwa ametunga, mimi nimefaidi. Lakini niseme moja kuhusu strip kwa sababu mlipita haraka. Kuna wakati tulipeleka programu ya kipima joto shambani Naivasha, kijana wa ofisi akafanya strip kwa elf ya pekee ili "ipungue". Mwezi mmoja baadaye bodi zinaanguka, zinatuma anwani ya mahali zilikufa, unapeleka kwa addr2line ikuambie ni mstari gani wa kodi, inakurudishia ??:0, ??:0, ??:0. Tulikaa siku nne tukisoma asembli kwa macho. Kama unataka ndogo ya kutembea nayo, kwanza toa faili ya dibagi na objcopy --only-keep-debug uiweke kabatini, alafu strip ufanyie nakala. Nimemaliza.

Bitibaiti · 2:05

Kwa Fundi ama yeyote yule uliye. Sitakuambia ofseti ni ngapi. Piga simu, tuma hata 10,000 na useme tarehe ya nyingine. Elf iko na alama zote, hakufanya strip, hakuficha majina, aliita fankisheni angalia_ruhusa kwa Kiswahili safi. Huyo mtu hakuwa anakufungia. Alikuwa anakuandikia barua.

Fundi_wa_Matangi · Ijumaa, saa 12:48 asubuhi

Nimelala nikafikiria. Sitahariri kitu, msiniite mwizi. Nitafanya vile alifanya yeye. Nabeba laptopu na st-link (kifaa cha kupakia programu kwa bodi) juu ya ploti, bodi ikiwa kwa adapta yake tayari, napakia elf kama ilivyo na gdb load, ruhusa inaingia RAM, naondoka. Kumi na mbili ni masaa mawili. Faili ni yake, neno ni lake, sijabadilisha hata baiti. Hio ni halali ama sio halali?

Wakili_Ntunyanye · 1:15

Ni swali zuri sana ambalo nitakujibu kwa ada.

Kibe_wa_Kodi · 1:22

Na stima ikipotea?

Fundi_wa_Matangi · 1:25

Umoja siku hizi stima haipotei hivyo. Na mwenye ploti akishaona inafanya analipa Jumatatu, namlipa kijana Jumatatu hio hio, mnaona? Kila mtu anapata.

Mwalimu_Mstaafu · 2:10

Naona umeshaamua. Ulikuwa umeamua tangu jana asubuhi.

Shaka_Bila_Mpaka · 2:14

Sehemu ya pili imeanza. Mwandishi ameona watu wanaondoka akaleta paa la nyumba.

MamaKipusa · 2:30

Shaka wewe hata ukilishwa chapati utasema imechorwa.

Fundi_wa_Matangi · Jumamosi, saa 11:52 jioni

Zimewekwa zote 12. Zinasoma. Msimamizi amepata SMS "TANGI 2 CHINI" akaruka kama mtoto. Asanteni wote hata mlionitukana.

dereva_wa_46 · 11:58

Hongera mwandishi

Fundi_wa_Matangi · Jumapili, saa 1:41 usiku

Stima imepotea Umoja.

Kibe_wa_Kodi · 1:42

🙆🏾‍♂️

Jua_Kali_Digitali · 1:43

Niko Umoja 2 nathibitisha giza ni la kweli. Tangi sijui.

Fundi_wa_Matangi · 2:37

Imerudi. Msimamizi amepata SMS kumi na mbili kwa mpigo, zote TOLEO LA MAJARIBIO. Ananiuliza majaribio gani. Kuna mtu yuko karibu ana pawa benki za volti 5? Nikipakia tena alafu niache bodi kwa pawa benki zitafika Jumatatu.

Bitibaiti · 2:44

Pawa benki kumi na mbili ni pesa ngapi? Piga hesabu kwanza, alafu uangalie hio namba na ile iko 20004ff0.

Maji_Safi_Kayole · Jumatano, saa 3:05 asubuhi

Samahani nimechelewa kuona huu uzi. Hizo floti swichi mlinunua wapi na bei gani? Yangu inakwama na chokaa.

Fundi_wa_Matangi · 3:30

Luthuli. Ingia dukani mwenyewe, ukiuliza bei kwa simu wanakupandishia. Na uchukue ya chuma cha pua, ile ya plastiki ndio hukwama.